Bangili Iliyotoka Kwenye Mashine ya Kahawa

Mwezi uliopita tulimzika Zakaria. Nasema tulimzika kwa sababu na mimi nilikwenda, nikajifunga kitenge cheusi, nikakaa uani kwake kule Engutoto na wanawake wenzangu tukamenya ndizi mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Msiba ni msiba. Lakini ulipofika wakati wa kusoma wasifu wa marehemu, mpwa wake mmoja mwenye miwani akasimama na karatasi, akasoma alizaliwa wapi, kipaimara alipata wapi, halafu akakohoa kidogo akasoma hivi: "Marehemu atakumbukwa kama mbunifu wa bangili maarufu ya Nyota za Meru, aliyoibuni baada ya kupanda mlima na kutazama anga." Nikacheka. Sikukusudia, kicheko kilitoka chenyewe kama chafya. Zakaria kupanda mlima! Mtu aliyekuwa akipanda ngazi za benki anapumzika katikati! Happiness, ambaye tulifanya naye kazi kwa Zakaria tukiwa wasichana, alikuwa amekaa kiti cha pembeni, akanifinya paja. "Dada, nyamaza. Huu ni msiba." Nikamwambia, "Nimenyamaza miaka thelathini." Akasema, "Basi ongeza siku moja."

Nikaiongeza. Leo siongezi nyingine. Elimu yangu ni darasa la saba, na mwandiko wangu ni wa kubabaika kwa sababu vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjuki, na hayo nitayasema. Habari za wazazi wangu naziacha, kila mtu ana wazazi. Ninachotaka kuandika ni mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na miaka ishirini, kwa sababu watu hawaishi kuniuliza, "Mama, mawazo ya bangili zako unayapata wapi?" Wanauliza huku wameshajijibu. Wanataka niseme twiga. Wanataka niseme machweo. Juzi alikuja binti kutoka Dar, akanielekezea simu usoni, akaniambia, "Mama, sema kitu kizuri kuhusu mlima." Mlima gani! Mlima mimi nauangalia nikitaka kujua kama nianue nguo. Nilimwambia ukweli, mawazo niliyapata kwenye mashine ya kumenyea kahawa, akazima simu akaniuliza kama nina kitu kingine cha kusema.

Karakana ya mapambo ya Zakaria ilikuwa mjini, Themi, chumba kimoja nyuma ya duka lake, na dirisha lake lilipigiliwa misumari kwa kuogopa wezi. Humo ndani tulikuwa wanne, na moto wa gesi, na moshi wa asidi tunayosafishia shaba na fedha zikitoka motoni, na dirisha la misumari. Ukikohoa Zakaria anakuambia punguza sigara, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anavuta. Kazi yangu ilikuwa waya. Nilisokota waya mwembamba wa shaba na wa fedha mpaka ukawa hereni, vitu vidogo kama miguu ya sisimizi, na kusema kweli nilikuwa naiweza. Zakaria mwenyewe aliwaambia wateja, "Huyu ana vidole vya buibui." Mezani petu pa kazi ndipo palipokuwa pa kulia. Mchana tunasogeza koleo na tupa pembeni, sinia la ugali na dagaa linawekwa katikati, tunakula huku tumesimama, halafu tunanawishana: mmoja anamimina, mwingine anakinga mikono juu ya ndoo, kisha mnabadilishana.

Siku hiyo Zakaria alikuwa amenunua asidi kali ambayo bado haijachanganywa na maji. Chupa yake ilikuwa na ufa. Kwa hiyo akaimimina kwenye chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, chupa zilezile tulizokuwa tunanawia, akaiweka mezani bila kuandika neno wala kusema neno, akaenda dukani kumhudumia mteja. Tukamaliza kula. Nikakinga mikono, wa kulia juu. Aliyeninawisha ni Happiness. Nilimkasirikia kwa miaka, lakini akili ikishatulia unajua: mwenye kosa ni aliyemimina mara ya kwanza, na jina lake nimeshalitaja. Nilipiga ukelele ambao sijaupiga tena, hata nikizaa. Zakaria akatoa kichwa mlangoni. Unajua alisema nini? "Punguzeni sauti, nina mzungu huku." Kisha alipouona mkono akasema, "Mpakeni dawa ya meno." Dawa ya meno! Ndoo ya maji ipo pale miguuni, hakuna aliyefikiri kuutumbukiza mkono humo mpaka ngozi ilipoanza kuteleza. Hospitali nilifika saa kumi jioni, baada ya duka kufungwa. Muuguzi alipokuwa ananisafisha alisema, "Nani kakupaka dawa ya meno?" Nikasema bosi. Akasema, "Huyo bosi wako angefaa kupigwa mswaki yeye."

Kidonda kilipokauka, kidole cha mwisho na cha pete vilikuwa vimejikunja kuelekea kiganjani, na vimekaa hivyo hadi leo. Nikajaribu kushika waya, ukaanguka. Nikajaribu tena mbele ya Zakaria, ukaanguka. Akaniambia kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa unaniudhi kuliko ukali wake, "Elirehema, nenda kwenu upumzike. Mungu ana njia zake." Nikapanda kwenda kijijini, Akheri, kwa mjomba wangu Anaeli, na kitu kimoja tu kichwani: mimi ni fundi au si fundi tena? Kwa sababu kama si fundi, basi sikujua ni nani.

Nyumbani kwa mjomba nililala chumba cha magunia, na ukuta uliotenganisha chumba hicho na jiko ulikuwa wa mbao zenye nyufa, kwa hiyo hakuna lililosemwa jikoni nisilisikie. Asubuhi mke wa mjomba na majirani wanakoroga loshoro, mahindi yaliyochemshwa na kuchanganywa na maziwa mgando, na midomo nayo inakoroga. "Mkono ule hata kisu haushiki." "Ataolewa na nani?" "Labda yule mgane wa kule juu, yule mwenye ng'ombe wawili." "Yule? Yule hata ng'ombe wenyewe wanamkimbia." Wanacheka. Mimi huku ndani nimekaa juu ya gunia la maharage nauangalia mkono wangu. Halafu naitwa nile, nakwenda, nasema shikamoo, wananiitikia marahaba kama watu ambao hawajasema kitu.

Ulipofika msimu wa kahawa nikapewa kazi ambayo mkono mmoja unatosha: kuzungusha mashine. Ilikuwa pembeni ya mfereji, chini ya migomba, na haikuwa ya mjomba peke yake. Nyumba saba za ukoo zilikuwa zinaitumia, kwa zamu, maana kahawa ikichumwa asubuhi lazima imenywe siku hiyohiyo. Ikilala na maganda yake inachacha, na ikichacha mnunuzi anaigeuzia uso. Kwa wasioijua mashine hiyo: ina ngoma ya kuzunguka, na ngoma imevishwa bati la shaba lenye vipele vingi vilivyopangwa mistari. Unamwaga kahawa mbivu juu, mwingine anatia maji, unazungusha mpini, vile vipele vinavua maganda, na buni zinateleza chini. Mchana kutwa nimesimama hapo nazungusha kwa mkono wa kushoto, na wanawake wanaoleta ndoo zao wananikemea. Aliyezidi wote ni Mama Ndelekwa, mama mtu mzima mwenye sauti ya kengele ya kanisa. "Zungusha, we msichana! Hiyo ni kahawa, si mtoto, humbembelezi!" Mimi nilikuwa naangalia shaba. Ikilowa maji na jua likipita kati ya migomba, vile vipele vinawaka na kuzimika, vinawaka na kuzimika, na mimi niliyekuwa nimeapa sitaki tena kusikia habari za mapambo nikajikuta nafikiria: hii mtu akiikata upana wa vidole viwili na kuizungusha, ni bangili. Haitaki waya. Haitaki vidole vya buibui. Inataka mkasi wa bati na nyundo, na nyundo hata mkono wa kushoto unashika.

Sasa nilikuwa nimewahi kuona bati jingine kama hilo kwenye dari ya jikoni, juu kabisa, limekunjwa, jeusi tii kwa masizi. Nikasema hilo ni la zamani, limetupwa. Mtu yeyote angesema hivyo. Nikalishusha siku wote wamekwenda kanisani, nikasugua kipande kwa majivu na limau, nikakata, nikakunja kingo, nikagongea juu ya mchi wa kinu. Nikapata bangili nne. Zilikuwa safi, vipele vyote sawasawa, kila kimoja kama mwenzake. Zilinifurahisha siku mbili. Siku ya tatu nikaziona zimekaa kama kitu cha kiwandani tu, lakini nikajiambia nina haraka ya nini, bati bado kubwa.

Wiki iliyofuata bati la mashine likapasuka katikati ya kazi. Mjomba hakushtuka. Akajifuta mikono, akasema mbele ya watu kwa majivuno, "Msihofu. Mimi ni mtu wa kujiandaa. Nilinunua jipya tangu mwaka juzi, nikalificha darini wasilione hawa wa chuma chakavu." Akaingia jikoni. Mimi nilibaki nimeshika mpini. Kulikuwa na ndoo kumi na moja zimejipanga pale, zote zimejaa kahawa nyekundu. Akatoka ameshika lile bati jeusi, limetafunwa upande mmoja kama kabichi iliyoingiliwa na mbuzi.

"Nani?"

Nikasema, "Ni mimi, mjomba. Nilidhani la zamani."

"La zamani? Lina vipele vikali kama upupu, ungekipapasa kimoja tu ungejua!"

"Lilikuwa jeusi."

"Na wewe ni mweusi, wewe ni wa zamani?"

Watu wakacheka, lakini Mama Ndelekwa hakucheka. Ndoo nne kati ya zile kumi na moja zilikuwa zake. "Mjini wamemuunguza mkono," akasema, "na akili wakasahau kumrudishia." Jioni hiyo hapakuwa na mashine ya jirani iliyo wazi. Kahawa ikalala. Kesho yake ilikuwa inanuka kama pombe ya jana.

Ukoo ukakaa kikao. Mshili, ndiye kiongozi wa ukoo kwetu Wameru, alikuwa mzee wa maneno machache, alisikiliza watu wote saba wakirudia jambo lilelile mara saba, akapiga miayo, akahukumu: mpaka msimu uishe nitabeba kahawa ya nyumba zote kupeleka kwenye mashine ya ukoo wa ng'ambo ya mfereji, kwa kichwa, na nitawashukuru wenye mashine kila siku kwa niaba ya wote. Kubeba kulinichosha shingo. Kushukuru kulinichosha zaidi. Kuna nyanya mmoja huko ng'ambo alikuwa haridhiki mpaka umshukuru mara mbili. Na mjomba, kwa hasira, akalichukua lile bati lililopasuka, lililokuwa kwenye ngoma tangu kabla sijazaliwa, akalirusha mlangoni kwa chumba changu. "Unapenda mabati? Haya, hilo ndilo la zamani. Kula."

Lilikaa hapo siku kadhaa, naliruka nikitoka. Siku moja mvua ilinyesha, hatukuchuma, nikaliokota kwa kukosa cha kufanya, na ndipo nikaona nilichokuwa nimekosa kwenye lile jipya. Halikuwa limechakaa sawa. Pembeni vipele vilikuwa bado vikali. Kuelekea katikati, pale kahawa inapoangukia zaidi, vilikuwa vimelainika, vimekuwa duara za chini, na katikati kabisa vilikuwa vimekwisha, pamebaki shaba laini kama ndani ya mdomo, na alama za vipele zinaonekana kwa mbali kama kitu kilichofutwa ubaoni. Hakuna fundi anayeweza kufanya hivyo kwa makusudi. Mimi nilijaribu baadaye, miaka mingi, siwezi. Nikakata kwa kufuata uchakavu wenyewe, kwamba bangili ianze na ukali, ipite kwenye ulaini, irudi kwenye ukali. Siku nzima nilikata moja tu. Mke wa mjomba alikuja na uji, akaniangalia nikigonga, akaichukua akaipitishia kidole taratibu. Akasimama mahali palipo laini. Akasema, "Hapa ndipo mama mkwe wangu alipokuwa anamwagia. Alikuwa hawezi kumwaga pembeni, nilimwambia kila mwaka, hasikii." Akairudisha, akatoka, uji wangu akaondoka nao.

Msimu ulipokwisha nikarudi Themi na bangili tatu za lile bati la zamani kwenye mfuko wa nailoni. Nilitaka Zakaria azione aseme, basi, meza yako ile pale. Kweli alizitazama kwa muda mrefu, na yeye hakuwa mjinga, jicho alikuwa nalo. Akasema kaa. Akazitoa nje dukani, na haikupita saa nikasikia sauti ya mama mmoja wa Kizungu, mnunuzi wa maduka ya kwao, anasema neno moja kwa kulirudia, na Zakaria anaongea Kiingereza kwa mbwembwe. Happiness, aliyekijua kidogo, akaninong'oneza, "Anamwambia ni nyota. Eti alipanda mlima, akaziona nyota, akaja kuzitengeneza." Nikatoka nilivyo, na vumbi la njiani. Nikamwambia yule mama kwa Kiswahili, polepole, "Hizi nimetengeneza mimi. Hili ni bati la mashine ya kahawa." Akatabasamu, akamgeukia Zakaria atafsiri. Zakaria akatafsiri. Yule mama akaweka mkono kifuani akaniinamia kwa heshima kubwa. Nikamuuliza Happiness kaambiwa nini. Happiness akatazama chini. "Kasema unamkaribisha Tanzania."

Yule mama akaagiza arobaini. Zakaria akaja ndani amechangamka, akanunua shaba mpya, akawapa vijana misumari wapige vipele kwa kupima na rula, mistari iliyonyooka, sawasawa kama lile la darini. Nikamwambia, "Hiyo siyo." Akasema, "Mteja anajua?" Nikasema, "Mimi najua." Akanitazama kwa ule upole wake. "Elirehema, wewe mkono huo utasugua. Watu wagonge, wewe usugue. Ushukuru." Na mimi nilikuwa nimetoka kushukuru msimu mzima. Nikazichukua bangili zangu mbili zilizobaki, ya tatu ilishakwenda Ulaya ikiitwa nyota, nikaondoka. Happiness alibaki, alikuwa na watoto, simlaumu, au namlaumu kidogo.

Nikapanda tena Akheri, na sasa nilikuwa na aibu mara mbili. Nilihitaji mabati yaliyochakaa, na yalikuwa kwa watu walewale niliowachachishia kahawa. Nikazunguka nyumba kwa nyumba. Wengine waliniambia wameshauza kwa watu wa chuma chakavu. Mmoja alilitumia kuzibia banda la kuku na hakutaka kuku wapate baridi kwa ajili yangu. Kwa Mama Ndelekwa sikwenda. Yeye ndiye aliyekuja, asubuhi, amejitwisha bati la mashine ya marehemu mumewe iliyokufa kabla hawajaanza kuchangia ile ya ukoo. Akalitua miguuni pangu kwa kishindo, akaketi kwenye kigoda cha mke wa mjomba bila kukaribishwa, akaninyooshea mkono.

"Nasikia unatengeneza vitu vya mkononi. Mimi nataka cha hapa," akagonga mahali palipolika zaidi, "hapa ni mimi. Miaka kumi na tisa. Yeye alikuwa anazungusha, mimi namwagia. Usinikatie pa pembeni, pembeni alikuwa anamwagia dada yake."

Nikamtengenezea. Ikambana, akarudi. Nikaipanua, ikalegea, akarudi kulalamika kwamba imeangukia kwenye ugali mbele ya mchungaji. Mara ya tatu alifika anafoka tangu njiani, watu wote wa mferejini wakageuka kusikiliza. "We fundi! Fundi gani wewe, mkono wa mtu mzima unaupima kama shingo ya ndama? Nimeacha maharage motoni kwa ajili yako, fundi usiye na akili!" Mke wa mjomba akachungulia kutoka jikoni na mwiko mkononi. Mimi nikachukua nyundo kwa mkono wa kushoto, nikasogeza mchi wa kinu, nikamwambia alete mkono.